Kilichowashwa na Mlezi

Ipo nchi moja ambayo sitaitaja jina. Si kwa woga, ni kwa uzoefu: kila nikiitaja hujitokeza mtu akaapa kwamba nimeisema nchi yake, na jirani yake naye akaapa kuwa ni ya kwao, wakaishia kugombana. Basi tuiache hivyo hivyo. Ina bendera, ina wimbo, ina foleni, na ina Mlezi wa Taifa.

Mlezi wa Taifa alikuwa mtu wa kuzindua. Wengine huzaliwa na kipaji cha kuimba, yeye alizaliwa na kidole. Popote palipokuwa na kitufe, swichi au bomba, kidole kile kilihitajika, na kwa kuwa hakikuwa kidole cha kawaida, nchi ilijiwekea desturi ambayo baadaye iliandikwa kuwa sheria: kilichowashwa na Mlezi hakizimwi na mtu. Ndiyo maana bomba alilolifungua mtaa wa Mchangamwe linatiririka mpaka leo, mwaka wa nane sasa, na wakazi wa bondeni wote wamehamia kilimani. Ndiyo maana mapangaboi ya Bunge huzunguka hata msimu wa kipupwe, na waheshimiwa huchangia hoja wakiwa wamevaa makoti mazito. Sijasikia aliyelalamika. Waliolalamika waliitwa kufafanua, na bado wanafafanua.

Sasa, katika Ofisi Kuu ya Kumbukumbu za Watu kulikuwa na kompyuta moja. Mlezi aliiwasha kwa mkono wake miaka kumi na moja iliyopita, mbele ya ngoma tatu na kwaya mbili, na tangu siku hiyo haikupata kuzimwa. Ndani yake waliandikwa raia wote: waliozaliwa, waliooana, waliokufa, pamoja na wale waliokufa lakini bado wanapiga kura. Umeme ukikatika, kompyuta ilikuwa na jenereta yake, na jenereta ilikuwa na jenereta yake.

Aliyekabidhiwa kuiangalia alikuwa fundi aitwaye Idrisa Ngwali, mwanamume mwembamba wa miaka arobaini na mitatu ambaye hakuwa na uwezo wa kukaa kitako dakika tano. Akikaa, goti lilicheza. Akisimama, alitembea. Wenzake walidhani ana jini. Hakuwa na jini, alikuwa na taarifa. Kila siku saa mbili kamili asubuhi kioo cha kompyuta kiliandika maneno yale yale: "Mfumo wako endeshi, ambao ni wa Sita, umezeeka. Ungependa kuhamia Mfumo wa Kumi sasa hivi, au nikukumbushe kesho?"

Hapo aliingia Mkurugenzi, Bwana Mtengeti, mtu mnene mwenye tai fupi. Alinawa mikono, akajifuta, akasogea kwenye kompyuta na kubonyeza mwenyewe palipoandikwa "Nikumbushe kesho." Kisha alitia saini kitabuni kwamba uamuzi wa siku umefanyika, akaenda kunywa chai. Ilikuwa kazi yake kuu, na kwa miaka minne hakuikosa hata siku moja, hata alipokuwa na homa.

Idrisa angeweza kuishi hivyo hadi kustaafu, kwani goti likicheza halimdhuru mtu. Lakini alikuwa na mama.

*

Mama yake, Bi Mize, alikuwa na mtoto wa jicho. Jicho la kulia lilikuwa limeshafunga, na la kushoto liliona mwanga tu, mithili ya mtu anayechungulia kupitia pazia zito. Alikuwa msusi wa mikeka. Siku hizi alisuka kwa kupapasa, akichanganya ukili mwekundu na wa kijani, na wateja kwa adabu yao walisema huo ni mtindo mpya.

Kila baada ya miaka mitatu madaktari wa macho walifika Hospitali Kuu kutoka mbali, wakakaa siku tisa, wakaondoka. Mwaka huu walifika Alhamisi moja, na Idrisa alikuwa wa kwanza langoni akiwa amemshika mama yake mkono. Bi Mize alikuwa amevaa kanga mpya ambayo hakuwahi kuiona.

Aliyewapokea alikuwa muuguzi Perpetua Nangale, dada mchangamfu wa vidole vyepesi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

"Nipe jina lako kamili nikutafute humu."

Bi Mize akataja jina lake, la baba yake na la babu yake, na alikuwa njiani kuelekea kwa babu wa babu wakati muuguzi alipomzuia. Akaandika, akasubiri, akaandika tena.

"Samahani mama. Mashine inasema nchi hii haina mtu kama wewe."

"Sasa huyu anayeumwa kiuno kwa benchi lenu ni nani?"

"Mimi nakuona, mama. Mashine ndiyo haikuoni."

"Basi hatudaiani. Na mimi siioni."

Idrisa hakucheka. Alijua tatizo liko wapi, na kujua huko kulimkata maini. Madaktari walikuja na vyombo vyao, navyo vilitumia Mfumo wa Kumi. Mfumo wa Kumi uliuliza swali kwa namna mpya, na kompyuta ya Ofisi Kuu, ikiwa bado kwenye wa Sita, haikuelewa kinachoulizwa. Na jambo lolote ambalo Sita haikulielewa ililijibu neno moja: "Hayupo." Sheria nayo ilikuwa wazi. Kisu hakitamgusa raia mpaka Ofisi Kuu ithibitishe kwamba raia huyo yupo, ili hospitali za taifa zisije zikapasua watu wasiokuwepo.

"Na jicho lenyewe linasubiri?" Idrisa akauliza kwa sauti ya chini.

Perpetua alimmulika Bi Mize kwa tochi ndogo, akamwita daktari, wakanong'ona. Kisha akamvuta Idrisa pembeni.

"Kaka yangu, nikufiche nini. Hilo la kushoto limeanza kupanda presha. Daktari anasema asipofanyiwa safari hii, wakirudi watakuta hakuna cha kufanya."

Idrisa alitazama nyuma. Watu waliokaa kwenye mabenchi ya ukumbi ule walikuwa kama mia mbili, wengi vipofu, na wote kwa mujibu wa mashine hawakuwepo.

*

Alikwenda moja kwa moja kwa Bwana Mtengeti, akamkuta anakunywa chai.

"Mzee, tuhamie Mfumo wa Kumi. Leo."

"Karibu, Ngwali. Kaa."

"Siwezi kukaa, mzee. Mfumo mpya ninao mfukoni, kwenye kiflashi hiki. Ni dakika arobaini tu."

"Mimi sina pingamizi na maendeleo," Bwana Mtengeti akasema. "Kwani kinahitajika nini?"

"Kuizima kompyuta, halafu kuiwasha."

Mkurugenzi akaweka kikombe chini. Akaenda kufunga dirisha, akafunga na mlango, akarudi kukaa.

"Rudia," akasema. "Lakini usilitaje lile neno."

"Kuifanya ipumzike, mzee. Mara moja."

"Ngwali, una watoto?"

"Nina mama, mzee. Ndiye anayepofuka."

Bwana Mtengeti hakuwa mtu mbaya. Machozi yalimlengalenga kabisa. Kisha akaandika barua kwa Waziri, Waziri akamwandikia Katibu wa Baraza, na kwa kasi ambayo haikuwahi kuonekana katika nchi ile, siku ya tatu asubuhi ikaundwa Kamati ya Taifa ya Kutafakari Kuhama. Idrisa aliambiwa ashukuru, kwani kamati ya kutafakari daraja la mto ilichukua miaka sita kuundwa, na mto wenyewe ulikauka kabla hawajakaa.

*

Mwenyekiti alikuwa Waziri wa Mitambo na Utulivu, Mheshimiwa Daktari Jimbi, mtu wa sauti nene aliyefunga macho kila alipozungumza ili asikatishwe na nyuso za watu.

"Ndugu wajumbe," alifungua, "kompyuta hii si kompyuta. Ni mama. Ni nani kati yetu hakuandikwa na Mfumo wa Sita? Sita ametulea, Sita ametuoza, Sita atatuzika. Leo anakuja Kumi, kijana, anameremeta, anatuambia tumwache Sita. Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao."

Makofi. Mjumbe mwingine akainuka kusema kwamba wahenga hao hao walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Makofi tena. Wa tatu akaleta ya kwake, wa nne akaipinga kwa nyingine, na hadi adhuhuri kumbukumbu za kikao zilionyesha methali kumi na nne zilizopitishwa na uamuzi sifuri.

Baada ya chakula mjumbe mmoja mkimya, wa upande wa mipaka, aliuliza swali lililozua baridi.

"Tuko Sita. Tunaambiwa tuhamie Kumi. Je, Saba, Nane na Tisa wamepewa nani?"

Kisha vichwa vyote, kimoja baada ya kingine, vikageukia dirisha la kaskazini, iliko nchi jirani. Ikaazimiwa jirani aandikiwe barua ya kumtaka arudishe Saba, Nane na Tisa kwa hiari kabla hatua nyingine hazijafikiriwa.

Idrisa alikuwa amesimama ukutani siku nzima, akihama mguu huu kwenda ule. Aliinua mkono.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, zimebaki siku sita."

"Za nini?"

"Za mama yangu kuona."

"Bwana fundi," Waziri akasema, macho yakiwa yamefungwa, "hapa tunajadili mama wa wote."

*

Siku ya tano alitakiwa aonyeshe. Alileta kompyuta ndogo ya mkononi yenye Mfumo wa Kumi, akaiweka mezani, na wajumbe wakaizunguka kwa umbali wa heshima.

Mjumbe wa usalama aligundua kasoro papo hapo. Kitufe cha kuanzia kazi, ambacho kwa Sita kilikuwa kona ya kushoto, kwa Kumi kilikuwa katikati.

"Kimehama kwa amri ya nani?" akauliza.

"Ndivyo walivyokitengeneza, afande."

"Leo kimetoka kushoto kimekuja katikati. Kesho kitakuwa wapi?"

Idrisa alikiri kwamba hajui. Ikaandikwa kwamba fundi hajui.

Aliendelea kwa haraka, akitoka jasho, mpaka akafika kwenye ukurasa wa masharti. Chini ya ukurasa huo palikuwa na vitufe viwili. Kimoja kiliandikwa "Nakubali." Cha pili kiliandikwa "Sikubali."

Mheshimiwa Jimbi alifumbua macho. Alivaa miwani, akasoma, akavua miwani, akasoma tena. Katika miaka yake ishirini ya utumishi wa umma hakuwahi kuona karatasi wala kioo kikimpa mtu nafasi ya pili.

"Hiki ni nini?"

"Ni hiari, mheshimiwa. Ukikubali unaendelea, usipokubali unaacha."

"Na mwananchi wa kawaida atakiona?"

"Akiwa na kompyuta, atakiona."

Hapo mjumbe wa usalama akaenda kusimama mlangoni. Kikao kikageuzwa kuwa cha siri, na Idrisa akaagizwa akifute kitufe kile. Alipoeleza kwamba hakifutiki, waliagiza plasta kutoka zahanati ya wizara, wakakiziba. Walikaa kimya wakiitazama ile plasta hadi jioni, wakihofia isibanduke.

*

Kila kikao kilipoahirishwa Idrisa alikimbilia hospitali. Mama yake hakukubali kurudi nyumbani, alisema akitoka kwenye benchi atasahauliwa hata na wanaomuona. Alikaa pale na wenzake, akisuka ukili, akiwasimulia mambo ya zamani na kuwachekesha.

Siku ya sita hakuwa akichekesha. Alimsikia mwanawe anafika, akampapasa uso kwa vidole.

"Leo hata ule mwanga sijauona vizuri," akasema. "Naogopa, Idrisa."

Hakuwahi kumsikia mama yake akisema anaogopa. Idrisa alikaa chini sakafuni, na kwa mara ya kwanza goti lake halikucheza. Alimweleza yote: sheria, plasta, Saba na Nane na Tisa, na kwamba kiflashi kiko mfukoni na kidole chake kinamwasha kila akipita mbele ya ile kompyuta.

"Siku nyingine nasema nizime tu, liwalo na liwe."

"Wakufunge, halafu nani atanishika mkono?" Bi Mize akasuka kidogo, akaacha. "Hebu nieleweshe. Aliyeiwasha yu hai?"

"Yu hai, mama. Usiseme kwa sauti."

"Mkono wake mzima?"

"Mzima."

"Sasa si azime mwenyewe? Mwenye nyumba hakatazwi kuzima taa yake."

Idrisa akainuka, akambusu kipaji cha uso, akaondoka mbio hata akasahau kuaga.

*

Bahati ilikuwa upande wake, kwani siku ya saba Kamati ilifikia maamuzi. Nchi itahama, ila bila kuzima. Kwa lugha nyepesi, mchoraji wa wizara angetengeneza picha inayofanana na Mfumo wa Kumi, na picha hiyo ingewekwa juu ya Mfumo wa Sita. Kitufe kingechorwa kushoto kidogo ya katikati, kwa tahadhari. Uzinduzi ungefanyika kesho yake, siku ya nane, na Mlezi angekuja na kidole chake.

Bwana Mtengeti alimpa Idrisa kazi ya kuandika utaratibu wa sherehe. Idrisa aliandika: "Mheshimiwa Mlezi atasogea kwenye kompyuta, atabonyeza kitufe kikubwa cha mbele na kukishikilia kwa sekunde kumi, kuashiria Mfumo wa Kumi."

Mkurugenzi alisoma mara mbili. Hakuwahi kukigusa kitufe kile, na alidhani ni cha urembo.

"Sekunde kumi tu?" akasema. "Huoni ni utovu wa adabu? Mkasi wa uwanja wa ndege aliushikilia dakika nzima."

"Tuweke thelathini, mzee?"

"Weka thelathini. Na wananchi wahesabu kwa sauti."

Siku ya nane asubuhi uwanja wa Ofisi Kuu ulijaa. Kompyuta ilitolewa nje juu ya meza yenye kitambaa, nyaya zikiburutwa nyuma, na Idrisa akachomeka kiflashi ubavuni ambako hakuna aliyeangalia. Mpango wake ulikuwa mwepesi: Mlezi azime, yeye awashe, dakika arobaini zipite wakati wa hotuba za kufunga, na kabla ya wimbo wa taifa wa mwisho mama yake awe yupo.

Mheshimiwa Jimbi alihutubia kwa saa moja na robo. Kisha akasimama Mlezi. Alikuwa mzee kuliko picha zake, na alitembea akishikwa mikono pande mbili. Alipofika mezani alikiinua kile kidole, nacho kilikuwa kinatetemeka, kikakikosa kitufe mara moja, kikakikosa mara ya pili. Idrisa aliuma mdomo hadi akaonja chumvi. Mara ya tatu kikagusa.

"Moja," wananchi wakaanza. "Mbili. Tatu."

Walipofika sita kioo kiliingia giza. Ule mvumo wa kompyuta, ambao wafanyakazi wa ofisi ile waliusikia miaka kumi na moja hata wakaacha kuusikia, ukakatika. Watu wakaendelea kuhesabu, maana hakuna aliyewaambia waache. Walipotimiza thelathini Mlezi aliondoa kidole, akainama kutazama alichokizindua. Kwenye kioo cheusi akaona uso.

"Huyu nani?" akauliza.

"Ni wewe, Mheshimiwa," Waziri akajibu.

Mlezi akatazama vizuri, akageuza shavu moja, akageuza la pili.

"Mfumo mzuri," akasema. "Wa kwanza ulikuwa na maandishi mengi."

Uwanja ukalipuka kwa makofi, bendi ikapiga, na Mlezi akapandishwa garini kwenda kuzindua mizani ya samaki. Idrisa akasogea mezani upesi, akanyoosha mkono kwenye kitufe. Mheshimiwa Jimbi akamdaka kiganja.

"Unafanya nini?"

"Naiwasha, mheshimiwa. Ili mfumo uingie."

"Imezimwa na nani?"

Idrisa aligeuka kulitazama gari la Mlezi likiondoka.

"Unataka kutuambia Mlezi amezima kwa makosa? Uje wewe, fundi, umsahihishe?"

Alasiri hiyo hiyo nyongeza ya sheria ilitangazwa redioni, baada ya taarifa ya hali ya hewa: kilichozimwa na Mlezi hakiwashwi na mtu.

*

Siku ya tisa, ya mwisho, Idrisa aliingia hospitali akiwa hajui atasema nini. Alihisi amemfuta mama yake kwa mara ya pili. Mwanzo wasiokuwepo walikuwa watu mia mbili tu, na sasa yeye Idrisa, kwa werevu wake, amelifuta taifa zima. Alimkuta Bi Mize amelala benchini, ukili pembeni, na alikaa karibu yake akalia waziwazi, bila kujificha.

Perpetua alikuwa mezani kwake akijaribu kama kawaida. Aliandika jina la Bi Mize, akauliza Ofisi Kuu. Safari hii halikuja jibu la "Hayupo." Halikuja jibu lolote. Akauliza tena, akangoja, akapiga simu Ofisi Kuu, simu ikaita mpaka ikachoka. Akakuna kichwa kwa kalamu. Kisha akafungua droo, akatoa kitabu cha sheria za nchi, akapekua, na Idrisa akamuona anaanza kutabasamu.

"Kaka, njoo usome hapa. Kifungu cha tisa."

Idrisa alifuta macho akasoma. Kifungu hicho kila raia alikifahamu kwa machungu, kwani ndicho kilichotumika kuchukulia mashamba na kuhesabia kura: "Mwenye kuulizwa na mamlaka akanyamaza, huyo amekubali."

"Hospitali ya serikali ni mamlaka, siyo?" Perpetua akasema. "Nimeiuliza Ofisi Kuu mara tatu. Imenyamaza."

Akachukua muhuri, akaupulizia pumzi, akaugonga kwenye karatasi ya Bi Mize. Kisha akainuka, akatangazia ukumbi mzima wajipange, kwa sababu Ofisi Kuu imekubali kwamba wote wapo. Vipofu mia mbili wakainuka kwa wakati mmoja, wakigongana na kuulizana foleni inaanzia wapi. Madaktari waliambiwa, wakatazamana, wakaahirisha safari kwa siku tatu.

Bi Mize alipasuliwa jioni hiyo, akafunguliwa kitambaa kesho yake asubuhi. La kulia hawakuliweza, ila la kushoto lilifumbuka, likapepesa, likatulia usoni kwa mwanawe. Akamshika kidevu.

"Una mvi," akasema. "Mbona hukuniambia kama una mvi?"

Idrisa alicheka na kulia kwa pamoja, na muuguzi Perpetua akajifanya anatafuta kitu kabatini.

*

Nchi ile haijawashiwa kompyuta hadi leo. Ipo Kamati ya Taifa ya Kutafakari Kuwasha, nayo hukaa kila wiki. Wakati huohuo watoto wanazaliwa na mkunga akisema amezaliwa inatosha, watu wanaoana mbele ya majirani, na wanaokufa wanakufa kabisa. Bwana Mtengeti bado hufika saa mbili, hunawa mikono, na kwa kuwa hana cha kubonyeza humwambia Idrisa kwa mdomo, "Nikumbushe kesho," kisha huenda kunywa chai.

Kompyuta yenyewe imewekwa ndani ya sanduku la kioo, imezungushiwa kamba nyekundu, na askari mwenye bunduki analinda asije mtu akaiwasha. Idrisa amebakizwa kuipangusa vumbi. Anajua kiflashi kimo ubavuni. Kila akiipangusa vidole vyake hupita karibu na kile kitufe, na goti linaanza kucheza.

Siku moja Bi Mize alimwomba ampeleke akaione. Alisema hawezi kurudi mikekani kabla hajamtazama mbaya wake. Walifika adhuhuri, ofisi ikiwa tupu, askari peke yake kwenye kamba akipiga miayo. Mama akasogea, akafumba lile jicho bovu, akatazama kwa lile zima. Alitazama juu ya sanduku, akatazama chini ya meza, akazunguka nyuma kuona kama kuna kingine.

"Ndicho hiki?" akauliza. "Kilichokuwa kinasema mimi sipo?"

"Ndicho, mama."

"Chote?"

"Chote."

"Mbona kadogo hivi?"

Idrisa alimtupia askari jicho la hofu, kwa sababu kuna watu waliofafanua kwa miaka mingi kwa maneno madogo kuliko hayo. Askari alikuwa amegeuka. Aliinama juu ya kamba yake nyekundu, akakitazama kile kisanduku cheusi alichokuwa akikipa mgongo tangu siku ya uzinduzi, na alipoinuka alizungumza kwa sauti ya chini, kama mtu aliyeona haya.

"Hata mimi, mama, nilidhani ni kikubwa."